Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani: Anayeikataa Makala Asibaki Nayo

Mheshimiwa Gilbert Houngbo,
Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Kazi Duniani,
Geneva.

YAH: KAZI ILIYOKATALIWA NA MALIPO YA WAANDISHI WA MTANDAONI

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kabla ya Mkutano wa Kimataifa wa Kazi kuketi Juni 2026 kwa mjadala wa pili kuhusu kazi zenye staha katika uchumi wa majukwaa ya kidijitali. Katika kikao cha 113 cha Juni 2025, wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi waliamua kwamba kanuni zinazotayarishwa ziwe mkataba utakaozifunga nchi zitakazouridhia, ukiambatana na pendekezo la kuufafanua. Tunaoishi kwa kalamu mtandaoni tuliupokea uamuzi huo kwa matumaini makubwa. Hata hivyo, kila kanuni hizo zinapozungumzwa hadharani, anayetajwa kwanza ni dereva wa teksi au msafirishaji wa chakula, watu ambao kazi yao huonekana barabarani na migomo yao husikika. Naomba nimzungumzie mfanyakazi asiyeonekana popote, yaani mwandishi wa kujitegemea anayeuza makala kupitia tovuti za maudhui, na nimzungumzie kwa jambo moja tu ambalo nahofia litapita bila kuguswa: makala iliyokataliwa.

Tovuti hizi hazifanani, lakini zile zinazonunua makala kwa idadi ya maneno huendeshwa kwa utaratibu unaokaribiana. Mwandishi hujisajili, hukubali kwa kubonyeza masharti marefu yanayomtaja kuwa mkandarasi huru, hufanya jaribio, kisha hupangiwa daraja, aghalabu kwa nyota. Daraja hilo ndilo huamua atalipwa kiasi gani kwa neno na kazi zipi ataziona. Kazi zikitokea kwenye orodha, anayewahi ndiye anayeichukua, na saa huanza kuhesabu papo hapo. Maelekezo ya mteja hutaja kichwa, urefu, maneno yatakayorudiwa ili injini za utafutaji ziione tovuti yake, na hata idadi ya vichwa vidogo. Mwandishi hutafiti, huandika, huhariri na kuwasilisha makala nzima. Hapo ndipo mteja hupewa njia tatu: kuikubali na kulipa, kuirudisha kwa marekebisho, au kuikataa. Akiikataa, hakuna malipo. Katika majukwaa ya zabuni, ambako mwandishi hupatana na mteja mmoja mmoja, maneno hubadilika kidogo, lakini mwisho wa mgogoro mara nyingi ni uleule.

Kiti kilichokataliwa hurudi kwa seremala, naye aweza kumuuzia mtu mwingine. Makala hairudi. Mteja ameshaifungua na kuisoma, na kuinakili kunahitaji sekunde chache tu. Ni kweli kwamba masharti ya majukwaa mengi husema hakimiliki haihamii kwa mteja mpaka alipe. Lakini sharti hilo limeandikwa bila kupewa mlinzi. Mwandishi hana jina kwenye kazi hiyo, mara nyingi hajui jina halisi la mteja, na mteja huyo huenda anaishi katika nchi nyingine yenye mahakama nyingine na gharama ambazo thamani ya makala moja haiwezi kuzibeba. Mwandishi akiziona aya zake kwenye tovuti fulani, zikiwa zimebadilishwa maneno mawili matatu, atamshitaki nani, na wapi?

Kuna dhara jingine ambalo asiyeifanya kazi hii si rahisi kuling'amua. Mwandishi aliyekataliwa anaweza kuamua kumuuzia mteja mwingine makala ileile, kwa kuwa kisheria bado ni mali yake. Ikiwa mteja wa kwanza ameshaichapisha kimyakimya, programu ya kukagua wizi wa maandishi ya mteja wa pili itaonyesha kwamba maneno hayo yamo mtandaoni tayari. Hapo mwandishi hutuhumiwa kuiba maandishi aliyoyatunga mwenyewe, akaunti yake husimamishwa, na salio lililokuwamo huzuiwa hadi uchunguzi ukamilike. Watu wengi katika kazi hii wamejifunza kuifuta makala iliyokataliwa badala ya kuiuza tena, kwa hofu hiyo tu. Saa zote walizozitumia huwa zimepotea.

Kukataliwa hushusha pia daraja, na daraja likishuka malipo ya kila kazi inayofuata hushuka. Ndiyo maana mwandishi hukubali marekebisho yasiyo na kikomo, hata yale yanayogeuza kazi kuwa nyingine kabisa na ile iliyoagizwa, au huomba mwenyewe kwamba oda ifutwe kwa maelewano ili tu rekodi yake isichafuke. Kwenye takwimu za jukwaa, oda iliyofutwa hivyo huonekana kama pande mbili zilizoachana kwa amani.

Shirika lako linalijua tatizo hili, angalau kwa ndugu zetu wanaofanya kazi ndogondogo za kubofya na kuainisha data. Utafiti wenu wa mwaka 2018 uliowahoji wafanyakazi wa aina hiyo kutoka nchi 75 ulionyesha kwamba karibu 9 kati ya kila 10 walikwishakataliwa kazi au kunyimwa malipo. Ripoti yenu ya mwaka 2021 ikaongeza kwamba nusu ya wanaofanya kazi kupitia majukwaa ya mtandaoni hupata chini ya dola 2.1 za Marekani kwa saa, na kwamba takriban theluthi moja ya muda wao huenda kwenye shughuli zisizolipwa, kama vile kutafuta kazi na kujaza maombi. Mwandishi aliyekataliwa huingia katika theluthi hiyo kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kazi aliyoifanya kwa matarajio ya malipo hugeuka kuwa ya bure baada ya kukamilika.

Tangu Novemba 2022, ChatGPT, programu ya akili mnemba inayotunga maandishi, ilipofunguliwa kwa umma, hali imechukua sura mpya. Wateja wengine waliacha kununua makala, wengine wakaanza kutuletea maandishi ya mashine tuyanyooshe kwa malipo madogo, na hilo ni suala la soko ambalo siliingizi katika barua hii. Ninacholalamikia ni kwamba wateja waliobaki, na majukwaa yenyewe, wamezikabidhi programu za kutambua maandishi ya akili mnemba mamlaka ya kuamua nani alipwe. Kampuni ya OpenAI, iliyoitengeneza ChatGPT, ilitoa programu yake ya utambuzi Januari 2023 ikikiri kwamba katika majaribio iliyatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba asilimia 9 ya maandishi ya binadamu iliyataja kimakosa kuwa ya mashine. Julai mwaka huohuo iliiondoa kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine.

Sababu yake inaeleweka. Programu nyingi za aina hii hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunza darasani hutumia msamiati wa kawaida na sentensi zilizonyooka. Wengi wetu katika tovuti hizi ndivyo tulivyo. Tena maelekezo tunayopewa hutuamuru tutumie sentensi fupi, maneno mepesi na istilahi zilezile zikirudiwa. Tukitii, tunaambiwa tumeandika kama mashine. Nimeshuhudia makala ikikataliwa kwa sababu ya asilimia iliyotolewa na programu, bila mtu yeyote kutaja sentensi moja yenye kasoro, na jibu la huduma kwa wateja likawa kwamba uamuzi huo haujadiliwi.

Sitaki kuwaonea wateja. Wapo wanaojiita waandishi ambao huwasilisha kazi ya kunakili, au maandishi ya mashine yasiyosomwa na jicho la mtu, na mteja anayelipa ana haki ya kupata alichokiagiza. Siombi kila makala ilipwe. Wala siombi sheria izuie mabadiliko ya biashara. Februari 2011 Google ilipobadilisha namna ya kuzipanga tovuti kwa ubora, mashamba ya maudhui, yaani tovuti zilizokuwa zikinunua makala za bei ya chini kwa maelfu, yalipoteza wasomaji, na waandishi wao wakapoteza kazi. Hakuna mkataba wa kimataifa ungeweza kulizuia hilo, na pengine haukupaswa. Ninachoomba ni kidogo kuliko hayo, nacho kina mizizi katika nyaraka zenu wenyewe.

Mwaka 1996 Shirika lilipitisha Mkataba Na. 177 kuhusu kazi za nyumbani, pamoja na Pendekezo Na. 184. Waliokuwa akilini wakati huo ni washonaji na wafungashaji wanaolipwa kwa kipande, lakini soma upya pendekezo hilo, Mheshimiwa, ukimfikiria mtu anayelipwa kwa neno. Linataka vigezo vya makato viwekwe mapema na mfanyakazi alindwe dhidi ya makato yasiyo ya haki kwa kisingizio cha kazi yenye kasoro. Linataka alipwe anapokabidhi kazi au kwa vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Hiyo ndiyo haki tunayoikosa. Kikwazo ni kwamba Mkataba Na. 177 hauwagusi wenye uhuru wa kiuchumi wa kuhesabiwa kuwa wafanyakazi huru, na fomu tuliyoibonyeza siku ya kujisajili inasema sisi ni huru. Uhuru huo ni wa ajabu kidogo, maana bei hatuipangi, mteja hatumchagui, na daraja letu hupangwa na wengine.

Umoja wa Ulaya umepiga hatua. Maagizo yake ya mwaka 2024 kuhusu kazi za majukwaa yanataka mfanyakazi apewe maelezo ya maandishi pale akaunti yake inaposimamishwa au malipo ya kazi aliyoifanya yanapokataliwa, na yanampa haki ya kuomba binadamu aupitie uamuzi huo. Kinga hiyo inawafikia hata waliojiajiri. Lakini inawahusu wanaofanya kazi ndani ya Umoja huo. Mwandishi aliye nje yake anaweza kutumia jukwaa lilelile, akamwandikia mteja yuleyule, akanyimwa malipo kwa sababu ileile, na asiwe na haki ya kudai hata sentensi moja ya maelezo. Kazi inayovuka mipaka kwa sekunde haiwezi kulindwa na sheria inayoishia mpakani, na hapo ndipo tunapolihitaji Shirika lako kuliko chombo kingine chochote.

Kwa hiyo naomba mkataba mpya useme wazi kwamba mteja au jukwaa lililoikataa kazi iliyokamilika halina haki ya kuitumia, kwa ukamilifu au kwa sehemu, likiwa limeibadilisha au la, na kwamba matumizi yoyote ya baadaye yahesabiwe kuwa ni kuikubali na yazae deni la malipo kamili. Jukwaa, na si mwandishi, ndilo libebe wajibu wa kusimamia hilo, kwa sababu ndilo lenye nakala ya makala, tarehe ya kukataliwa, utambulisho wa mteja na programu za kukagua mtandao ambazo tayari linazitumia dhidi yetu. Kulitaka lizielekeze pia kwa mteja si mzigo mpya. Fedha za mteja ziwekwe amana kabla kazi haijaanza, na akinyamaza mpaka muda wa ukaguzi uishe, zitolewe kwa mwandishi. Kukataa kuwe na sababu iliyoandikwa na mtu, ikitaja sehemu ya maelekezo iliyokiukwa, na matokeo ya programu ya utambuzi pekee yasiwe ushahidi wa kumnyima mtu malipo. Akaunti ikisimamishwa, fedha za kazi zilizokwishakubaliwa zisizuiwe.

Nitagusia pia ada za kuombea kazi, ingawa zinastahili barua yake. Baadhi ya majukwaa huwauzia waandishi tokeni za kuwasilishia zabuni, nazo huliwa hata pale mteja asipomchagua yeyote. Kifungu cha 7 cha Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 kinawakataza, isipokuwa kwa vighairi vichache, mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, na Kifungu cha 9 cha Mkataba Na. 95 wa mwaka 1949 kinakataza makato ya mshahara kwa ajili ya kupata au kubakiza kazi. Wajumbe waulizwe ni kwa nini kilichokatazwa kwa wakala mwenye ofisi kiruhusiwe kwa wakala mwenye tovuti.

Mwisho, ofisi yako ikusanye ushahidi wa waandishi kabla ya mjadala huo, na izingatie kwamba masharti ya usiri tuliyoyakubali yanatuzuia kuonyesha maelekezo, makala na majibu ya kukataliwa. Naomba uandaliwe utaratibu wa kuupokea ushahidi huo ukiwa umefutwa majina ya wateja, na nchi wanachama zishauriwe kwamba mwandishi atakayeutoa asifungiwe akaunti kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe ninao, na nitauwasilisha mara tu utaratibu huo utakapokuwapo.

Wako mwaminifu,

Mwandishi wa kujitegemea