Ushauri wa tairi jepesi na upepo mwingi unawaponza wapanda baiskeli wa mbio ndefu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni kuhusu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa michezo, ambayo iliwashauri wanaojiandaa kwa mara ya kwanza kushiriki mbio ndefu za baiskeli za milimani watafute tairi jepesi kuliko yote, walijaze upepo mpaka lisibonyee kwa kidole gumba, kisha muda wote uliobaki wauelekeze kwenye mazoezi ya miguu. Mwandishi aliandika kwa nia njema, na kuhusu mazoezi sina ugomvi naye. Lakini ushauri wake juu ya matairi, ukifuatwa kama ulivyo, utawafanya wengi wamalize safari kwa kutembea huku wakisukuma baiskeli, na nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuufuata.

Zilikuwa mbio za kilomita 110. Siku mbili kabla ya kuanza niliyavua matairi niliyoyafanyia mazoezi kwa miezi minne, nikavalisha mapya yenye mbavu, yaani kuta za pembeni, nyembamba, kwa kuwa kila moja lilikuwa jepesi kwa gramu 150 hivi kuliko lile la zamani. Kilomita 60 za mwanzo nilijiona mjanja. Karibu na kilomita ya 74, kwenye mteremko wa mawe yaliyochongoka, nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, dawa ya kuziba pancha ikanirukia miguuni, na tairi la nyuma likalala. Ubavu ulikuwa umechanika kwa urefu wa ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa na tyubu ya akiba, kwa hiyo sikuhofu, mpaka nilipotaka kuitoa valvu ya tyubulesi, yaani tairi linalotumika bila tyubu ndani, ili kuipisha tyubu: nati yake ndogo nilikuwa nimeikaza nyumbani kwa koleo, na pale njiani nilikuwa na vidole tu, tena vidole vilivyokwisha kufa ganzi kwa kushika usukani saa tano mfululizo. Nilihangaika nayo dakika 20. Ilipokubali nikaingiza tyubu, nikajaza upepo, nikaendesha mita zisizofika 300, na tairi likalala tena, kwa sababu ndani ya mpira mlikuwa na miiba mitatu ambayo dawa ilikuwa imeiziba kimya kimya tangu asubuhi na ambayo sikukumbuka kuipapasa.

Tangu siku hiyo sichagui tairi kwa kuangalia njia nzima ilivyo kwa wastani. Naangalia kilomita mbaya kuliko zote, na namwangalia mpanda baiskeli atakayezipita: mtu aliyechoka, asiyeona vizuri jiwe lililo mbele yake, anayekaa kwenye tandiko mahali ambapo asubuhi angesimama juu ya pedali na kuiacha baiskeli icheze chini yake. Mtu huyo anayagonga mawe kwa uzito wake wote. Tairi ambalo lingemvumilia saa ya kwanza huenda lisimvumilie saa ya sita, ingawa njia ni ileile.

Kuhusu uzito, hesabu yake ni rahisi na nashangaa haifanywi. Tuseme mpanda baiskeli na baiskeli yake wana kilo 80 kwa pamoja. Matairi mawili yaliyopunguzwa gramu 150 kila moja yanaokoa gramu 300, yaani chini ya nusu ya asilimia moja ya mzigo wote. Katika mlima mkali wa kupanda saa nzima, faida hiyo ni kama sekunde 13 au 14. Najua kuna wanaosema uzito unaozunguka ni mzito maradufu, na kwa kiasi fulani ni kweli wakati wa kuongeza mwendo ghafla. Lakini anayepanda mlima kwa mwendo uleule kwa saa nzima haongezi mwendo ghafla, na gramu zilizo kwenye gurudumu humlemea karibu sawa na gramu zilizo mfukoni. Mimi nililipa zaidi ya nusu saa ili nipate sekunde hizo.

Jambo la pili, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu, ni upepo. Imani kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi imetoka kwenye barabara laini, na huko ina ukweli wake. Tairi linapozunguka, mpira wake hukunjwa na kukunjuliwa pale linapogusa ardhi, na kila mkunjo hula nguvu kidogo na kuigeuza joto. Upepo ukiwa mwingi mkunjo hupungua. Ndiyo maana vipimo vinavyofanywa kwa kulizungusha tairi juu ya ngoma laini ya chuma huonyesha kwamba upepo ukiongezwa, tairi hubiringika kwa wepesi zaidi. Njia ya mlimani si ngoma ya chuma. Tairi gumu likikutana na jiwe dogo au mzizi halilimezi. Linairusha juu baiskeli nzima pamoja na aliyeipanda, na nguvu iliyokuwa iende mbele inapotelea katika kumtikisa mtu mikono, mgongo na mapaja. Tairi lenye upepo wa wastani hubonyea, humeza jiwe na kuendelea. Faida ya pili ni kwamba mwili ambao haujatikiswa kwa saa nne bado una nguvu ya kushika breki vizuri saa ya tano.

Kwa mtu wa kilo 70 hivi, mwenye tairi la tyubulesi lenye upana wa inchi 2.35 kwenye gurudumu la inchi 29, mahali pazuri pa kuanzia majaribio ni paundi 20 kwa inchi ya mraba mbele na 22 nyuma, kwa sababu gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa zaidi ya uzito. Kuanzia hapo achague mteremko mmoja wenye mawe, aushuke mara kadhaa, na kila mara apunguze au aongeze paundi moja tu. Akisikia rimu inagonga jiwe, amepunguza mno; akihisi tairi linayumba chini yake kwenye kona kama linataka kuvuka rimu, amepunguza mno pia; akiona gurudumu la mbele linadundadunda na kukosa mshiko kwenye changarawe, amejaza mno. Anayetumia tyubu za kawaida anahitaji upepo zaidi, kwani tyubu ikibanwa kati ya jiwe na rimu hutoboka matundu mawili yaliyo sambamba, na pancha ya namna hiyo haina uhusiano wowote na mwiba. Kidole gumba hakiwezi kutofautisha paundi 20 na 25. Kinachohitajika ni kipimo cha upepo, tena kilekile siku zote, maana vipimo viwili vya pampu mbili tofauti hutofautiana, na anayefanya mazoezi kwa kimoja na kushindana kwa kingine amerudi alikoanzia.

Hapa pana jambo ambalo hata wazoefu hulisahau. Kipimo hicho husoma tofauti kati ya upepo ulio ndani ya tairi na ule wa hewa ya nje. Hewa ya nje usawa wa bahari hukandamiza kwa takriban paundi 14.7 kwa inchi ya mraba, na kwenye mwinuko wa mita 3,000 hubaki kama 10 hivi. Kwa hiyo tairi lililojazwa paundi 20 pwani, likisafirishwa hadi juu huko bila kuguswa, litasoma karibu 24 au 25, na mwenyewe atashangaa kwa nini baiskeli yake imekuwa ngumu kama mkokoteni. Mbio za Leadville kule Colorado, Marekani, huanzia kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, na anayefika huko kutoka bondeni hana budi kupima upya asubuhi ya mbio, kabla jua halijapanda na kuongeza joto, nalo joto huongeza upepo kidogo.

Kuhusu meno ya tairi sitasema mengi, kwa sababu yanategemea udongo. Udongo mkavu ulioshindiliwa unataka meno mafupi yaliyokaribiana. Tope linataka marefu yaliyoachana ili lijisafishe linapozunguka. Jambo moja tu ningependa lieleweke: si lazima matairi mawili yafanane. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi mtu hujirudisha. La mbele likiteleza, yuko chini kabla hajajua. Hivyo la mbele lipewe mpira laini na meno yanayoshika, la nyuma lipewe ubavu imara na meno mafupi yanayobiringika kwa wepesi. Anayetaka tairi pana zaidi ahakikishe kwanza kwamba limeacha nafasi ya kutosha kwenye fremu na kwenye uma wa mbele, maana tope likijaa hapo gurudumu halizunguki.

Mfumo wa tyubulesi naupendelea kwa mbio ndefu, ila wengi huuchukulia kama hirizi. Dawa iliyo ndani yake kwa kawaida hutengenezwa kwa utomvu wa mpira, na baada ya miezi michache, hasa penye joto, hukauka na kubaki mabonge yanayogongagonga ndani ya tairi. Niliwahi kulifungua tairi la mwenzangu aliyejiamini sana, na ndani hatukukuta hata tone. Aidha, dawa huziba matundu madogo upande unaogusa ardhi. Tundu kubwa kiasi linataka kijiti cha mpira kinachochomekwa kwa sindano yake. Na mchaniko wa ubavu, kwa kuwa ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka, kwa kawaida hauzibiki kwa dawa pekee. Kwa mchaniko kama huo suluhisho ni kuweka kipande kigumu cha tairi kuukuu kwa ndani, kisha tyubu.

Wasomaji wanaodhani kwamba urahisi wa kutengeneza tairi ni jambo dogo watazame nyuma hadi mwaka 1891, katika mbio za kwanza za Paris–Brest–Paris, zenye takriban kilomita 1,200. Matairi ya upepo ya wakati huo yaligandishwa kwenye rimu kwa gundi, na kuyaziba ilikuwa kazi ya saa nyingi. Charles Terront wa Ufaransa alitumia matairi ya Michelin yaliyoweza kuvuliwa na kuzibwa njiani, akapata pancha, akatengeneza, akashinda.

Ndiyo maana katika maandalizi naweka ufundi wa tairi sawa na mazoezi ya miguu. Mtu ajifunze kuvua na kuvalisha tairi la nyuma, na ajifunze akiwa amechoka, mara tu anaporudi kutoka mazoezi marefu, mikono ikiwa na jasho na vumbi, akitumia pampu ileile ndogo atakayoibeba. Kabla ya kuingiza tyubu apapase ndani ya tairi kwa kitambaa, kwa kuwa kitambaa hunasa kwenye mwiba bila kukata kidole. Matairi ya mbio yavalishwe angalau wiki mbili kabla, yaendeshwe kilomita mia moja au zaidi, ili kama kuna ukingo uliokaa vibaya au rimu inayovujisha, ijulikane mapema. Cheni na pedi za breki zibadilishwe kipindi hichohicho, si usiku wa kuamkia mbio. Katika safari ndefu za mazoezi abebe mzigo wote wa siku ya mbio, na ale na kunywa kama atakavyofanya siku hiyo: gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa wanaoshindana saa nyingi, lakini tumbo lisilozoeshwa hukikataa. Siku kumi za mwisho apunguze umbali na apumzike.

Wanaoshindana wawili wawili wana sababu ya ziada ya kunisikiliza. Katika mbio za Cape Epic za Afrika Kusini, zilizoanza mwaka 2004 na ambazo hufanyika kwa siku nane, wenza wawili hawaruhusiwi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili, na hivyo pancha ya mmoja ni pancha ya wote wawili. Wakubaliane mapema kuhusu ukubwa wa magurudumu, aina ya tyubu na nani anabeba nini, kwa sababu tyubu ya inchi 26 haitamsaidia sana mwenye gurudumu la inchi 29.

Ningeomba, Ndugu Mhariri, kwamba ukurasa wa michezo utakaporudia mada hii, mwandishi ataje kiwango cha upepo kwa tarakimu, aeleze ni cha uzito gani na tairi la upana gani, na atenge angalau nusu ya makala kwa mambo ya kufanya tairi linapolala mbali na msaada. Kuhusu mbio zangu zile, nilizimaliza, nikiwa miongoni mwa watu kumi wa mwisho, na tyubu yenye viraka vitatu. Valvu ile ninayo hadi leo, na nati yake huikaza kwa vidole viwili tu.

Wako katika michezo,

Msomaji na mpanda baiskeli