Risala ya wakamuaji mawese wa Ujiji kwa mgeni rasmi, siku ya kufungua banda letu la kukamulia

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, wazee wetu, mama zetu na ndugu waalikwa wote, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha hapa leo, na wewe mgeni rasmi tunakushukuru sana kufika, maana viongozi na matajiri wengi wakija Kigoma wanaishia mjini, stesheni na bandarini, Ujiji wanaisikia tu.

Mheshimiwa, Ujiji ilikuwa soko kubwa kabla Kigoma haijawa mji. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita Tabora ikaishia hapa ziwani, wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika 1858 walikuta watu wako kwenye biashara zao, chumvi ya Uvinza, samaki, mawese, pembe za ndovu, na hili tunalisema kwa uchungu, walikuwepo pia binadamu wenzetu wanauzwa. Wengi wetu hapa ni wajukuu wa waliovuka lile ziwa, Wamanyema, Wabwari, Wagoma, tukachanganyika na Waha tukawa watu wamoja. Basi reli ilipofika 1914 ikaishia Kigoma kwenye bandari nzuri ya meli, biashara nayo ikahamia huko, na pengo lile mpaka leo halijazibika.

Sasa kuhusu kazi yetu. Tunakata mikungu, tunaiacha siku kadhaa chikichi ziachie, tunazinyonyoa, tunazichemsha kwenye pipa halafu zinaingia kwenye mashine ya kusukuma, yaani watu wanashika mti wanazunguka nao jua lote, mafuta yanatoka na maji yake tunayarudisha jikoni mpaka maji yaishe, na mise, yaani kokwa za chikichi, hatutupi, kuna akina mama hapa wanazibangua na wengine wanapika sabuni za gwanji. Ni kazi ngumu mheshimiwa. Halafu anakuja mchuuzi na fuso lake, bei anapanga yeye, dumu la lita 20 linaondoka jekundu vilevile kwenda kusafishwa huko mbali, na sisi hao hao tukienda dukani tunanunua mafuta ya chupa yenye lebo ya watu wengine. Kiukweli inauma.

Tunaishukuru serikali, tangu 2018 ilipoamua kufufua zao la michikichi miche ya mbegu chotara ya Tenera imesambazwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinafanya kazi yake, Tenera ina mafuta mengi kuliko Dura waliyotuachia wazee. Ila mawese yakiongezeka na kiwanda hakuna, bei si itazidi kuanguka?

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni mwekezaji wa kusafisha na kufungasha mafuta, na ajenge hapa hapa Ujiji. Soko lipo, ng'ambo ni Congo, juu Burundi, chini Zambia, na wafanyabiashara wa huko tunawajua na lugha zao tunaongea. Reli ya kisasa ya Tabora kuja Kigoma mkataba ulisainiwa 2022, sasa itatukuta tunauza nini, madumu yale yale?

Lakini mwekezaji hatakuja kwa maneno matamu. Akionyeshwa kiwanja asubuhi, jioni wanatokea watu watatu kila mmoja na karatasi yake ya mauziano, nani ataweka hela yake hapo? Tunaomba eneo lipimwe, litolewe hati, umeme wa kuendesha mashine ufike na barabara ya kwenda mwaloni ipitike masika. Na akipatikana tunaomba akae na vikundi waandikiane bei kabla ya msimu, asije akawa mchuuzi yule yule ila mwenye geti.

Kuna na hili la utalii. Wageni wanakuja kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone 1871, wanapiga picha, wanaangalia miembe, nusu saa wamepanda gari wanarudi mjini kulala, hata chai ya Ujiji hawajaionja. Nyumba za zamani tunazo, zinabomoka kila mvua ikinyesha, na warithi hawana uwezo. Apatikane mtu wa kukarabati hata moja iwe ya kulala wageni, mama zetu wakaange migebuka, samaki wa ziwa letu, vijana wawatembeze mitaani, hiyo hela itabaki hapa. Tunachoomba asibomoe akajenga ghorofa la vioo, maana hayo mgeni ameyaacha kwao.

Na watoto wa Ujiji mlioko Dar na kwingine mkisikia risala hii, mwekezaji sio lazima awe mzungu au mchina, changeni mje, sisi tuko tayari kuanza na mashine moja ndogo.

Mheshimiwa, kwa leo tunakuomba jambo moja usiondoke nalo hivi hivi, tutajie mbele ya wananchi hawa ni lini wapima ardhi watafika Ujiji.

Tunaomba kuwasilisha.