Mhariri, msiwaambie vijana kukata springi ndo kutengeneza gari ya kona

Ndugu Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa magari uliandika kuhusu vijana wanaotengeneza magari madogo kwa ajili ya mashindano ya lami, Vitz, Swift, Demio, Fit, haya haya tunayopanda kila siku, na kusema ukweli nilifurahi maana huku kwetu ukitaja mashindano ya magari watu wanajua rali tu, vumbi na matope. Ila mlipofika kwenye suspensheni, yaani springi, shokapu na mikono inayoshika tairi, mkaandika eti kijana asiye na hela ya koilova (shokapu na springi za pamoja unazoweza kupandisha na kushusha) akate springi mizunguko miwili, gari ilale chini, basi tayari ana gari ya kona. Hapana. Hapo mmekosea, na siwezi kunyamaza kwasababu hicho kitu nilishakifanya mwenyewe na najua kilinipeleka wapi.

Mimi nipo Arusha, ni fundi, na nina Vitz RS ya 2005, ile bodi ya pili, injini 1500, gia za mkono. Tukipata nafasi tunavuka Namanga kwenda Kenya kukimbia kwa saa kule Tigoni, Kiambu, mashindano yanaitwa Kiamburing, barabara inafungwa na gari zinaachiwa moja moja. Asiyepafahamu aelewe hivi: ni barabara nyembamba inapita kwenye mashamba ya chai, inapanda inashuka, kona zimefichwa na vichaka, asubuhi kuna ukungu na lami inakuwa na unyevu sehemu za kivulini hata kama jua limetoka. Sio lami ya uwanja wa mashindano. Ina matuta ya asili, viraka, na sehemu ambazo malori yameikandamiza ikawa mawimbi. Alafu kuna suala la mwinuko, upande wa Limuru upo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini isiyo na tabo inapungukiwa nguvu karibu moja ya tano, kwa hiyo spidi ukishaipoteza kwenye kona hairudi mapema, na ndo maana kwenye gari ndogo kule juu suspensheni inakupa muda mwingi kuliko kitu chochote utakachofanya kwenye injini.

Mwaka wa kwanza nilikwenda na springi zilizokatwa. Fundi mmoja aliniambia ndo njia ya haraka, na mimi kipindi hicho sijaanza gereji, nikaamini. Gari ikapendeza kweli, tairi zimejaa kwenye matao. Kwenye lami nyoofu ilikuwa nzuri. Nikafika kona ya kushoto yenye tuta katikati, gari ikalalia upande wa kulia kama kawaida, ikagusa tuta, nikasikia pigo moja zito chini ya miguu, na baada ya hapo usukani ukawa mwepesi kama haujaungwa na kitu. Nimekata kushoto, gari inaenda mbele tu. Nilisimama kwenye chai, hatua chache kutoka kwenye ukuta wa kalvati. Sikuumia, lakini nimeuota ule ukuta mara nyingi.

Sasa naomba nieleze kilichotokea, maana ukikielewa hicho umeelewa nusu ya kazi yote ya kuchagua suspensheni.

Springi ya mbele ya gari ndogo ya kawaida ina ugumu wa kama kilo 2 kwa milimita, yaani ukiiongezea mzigo wa kilo 2 inashuka milimita 1. Chukulia ina mizunguko 6 inayofanya kazi. Ukikata miwili imebaki 4, ugumu unapanda hadi kilo 3, sio zaidi, kwasababu ugumu unakwenda kinyume na idadi ya mizunguko. Watu wanasema si imekuwa ngumu, safi. Lakini gari nayo imeshuka sentimita kama 6. Kama tairi ilikuwa na nafasi ya sentimita 8 kupanda juu kabla haijagonga ile raba ya mwisho, bampstopu, sasa umebakiwa na 2. Piga hesabu: mwanzo milimita 80 mara kilo 2 ni kilo 160 ambazo ile pembe ya gari ingeweza kuzipokea kabla ya kugonga. Sasa ni milimita 20 mara kilo 3, kilo 60. Gari inaonekana ya mashindano lakini uwezo wake wa kubeba mzigo umepungua zaidi ya nusu, na kwenye kona kali yenye tairi nzuri gurudumu la mbele la nje linaongezewa zaidi ya kilo 100 kirahisi kabisa. Ikigonga raba ni kama springi imegeuka ghafla kuwa jiwe, tairi ile inazidiwa, inaachia, pua inatoka nje. Hicho ndo kilinipeleka kwenye chai.

Na hapo sijasema wale wanaokata kwa gesi, chuma kinapata moto kinapoteza tempa, yaani ule uimara wake, wala sijasema springi fupi inavyolegea kwenye sahani yake gurudumu likining'inia hewani.

Kuna jambo la pili ambalo hata mafundi wazuri hawalisemi. Gari zetu hizi mbele zina stratu, shokapu na springi ni kitu kimoja kinachosimama, na chini kuna lowa-amu, mkono wa chuma unaounganisha tairi na bodi. Gari ikiwa kwenye urefu wake ule mkono umelala kidogo kuelekea chini upande wa tairi, na gari ikiinama kwenye kona unasaidia kuingiza kichwa cha tairi ndani ili ikae flati kwenye lami. Ukishusha sana mkono unapita usawa na kuanza kuangalia juu, msaada ule unapotea, na pia ile sehemu ambayo bodi inajizungusha ikilala inashuka kuliko hata bodi yenyewe ilivyoshuka. Kwa hiyo gari iliyoshushwa kupita kiasi inaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko ilivyokuwa mwanzo. Watu wengi hawaamini mpaka wapigwe picha wakiwa kwenye kona wajione.

Kwa barabara kama ile mimi nashusha sentimita 2 mpaka 3, basi. Kama siku moja nikipata uwanja wenye lami laini nitashusha zaidi na kuweka springi ngumu zaidi, lakini suspensheni inachaguliwa kwa barabara utakayokimbilia, sio kwa picha ya gari la Japani uliyoiona kwenye simu.

Nikija kwenye nyuma. Magari haya nyuma yana bimu moja iliyounganisha matairi mawili, na kuna dharau kubwa sana kwa hiyo bimu, nasikia kila siku gerejini kwamba gari ya bimu haiwezi kona, tafuta yenye nyuma huru, kila tairi inayocheza peke yake. Jamani mwaka 2019 Renault Mégane R.S. Trophy-R ilizunguka Nürburgring kule Ujerumani, kilomita 20.6, kwa dakika 7 na sekunde 40, ikawa rekodi ya magari ya kuvuta mbele, yaani yanayovutwa na tairi za mbele, na nyuma ilikuwa na bimu. Bimu yenyewe inajikunja gari ikilala, kwa hiyo tayari ni stabilaiza, ile fito ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona. Kazi ya nyuma kwenye gari ya kuvuta mbele ni kuisaidia pua igeuke. Tairi za mbele zinavuta, zinageuza, na zinabeba breki nyingi, zimechoka tayari, za nyuma zinafuata tu. Ukiifanya nyuma ngumu kiasi inachukua sehemu kubwa ya ule mzigo wa kulala, na za mbele zinabaki zikigawana uzito vizuri zaidi. Tazameni picha za Golf GTI ya kwanza ya 1976 ikiwa kwenye kona, tairi ya nyuma ya ndani ipo hewani kabisa. Mtu anaona kasoro, kumbe gari inafanya kazi yake, tairi zile mbili za mbele zimekanyaga.

Ndo maana namshangaa mtu anayeanza kwa kununua stabilaiza nene ya mbele. Gari italala kidogo kweli, lakini tairi ya mbele ya ndani itakuwa nyepesi, ukikanyaga mafuta kutoka kwenye kona inazunguka bure inatoa moshi na gari haiendi. Weka pesa nyuma. Ya kwangu sasa hivi ina springi za kilo 5 mbele na kilo 5 nyuma, ingawa nyuma ni nyepesi sana ukilinganisha na mbele, na nimefanya hivyo makusudi. Ila nimwonye anayeanza, nyuma ngumu kwenye lami yenye maji inachomoka bila kukuambia, hasa ukiachia mafuta katikati ya kona kwa woga. Kwa hiyo anza na nyuma laini, ongeza kidogo kidogo kadiri unavyoijua gari, na ukungu ukiwa mzito rudisha.

Shokapu sasa. Springi inabeba, shokapu inatuliza, na hivi viwili vinatakiwa viendane. Springi ya kilo 5 juu ya shokapu ya kawaida ya gari ya mtaani itarusha gari kama mpira, kila tuta gari inaruka mara mbili tatu kabla haijatulia, na tairi ikiwa hewani haina breki wala usukani. Kwa upande mwingine koilova zenye vile vibonyezo vya kuzungusha, vijana wanazungusha mpaka mwisho kwenye ugumu wakidhani ndo mashindano. Kwenye mawimbi ya lami shokapu ngumu sana haipati muda wa kurudisha gurudumu chini kabla ya wimbi linalofuata, gari inazidi kujivuta chini wimbi kwa wimbi mpaka inakaa kwenye raba, na umerudi kule kule kwenye springi iliyokatwa ila umelipa hela nyingi zaidi. Anza katikati. Badilisha kitu kimoja, kimbia, andika kwenye daftari, ndo ubadilishe kingine.

Anayenunua koilova za mtumba, iwe Kirinyaga Road Nairobi au Ilala Dar, asikubali kuuziwa zikiwa zimefungwa plastiki. Toa springi, bonyeza ile rodi kwa mkono mpaka mwisho, isikilize, inatakiwa iende kwa uzito ule ule mwanzo mpaka mwisho, ikiwa na sehemu inateleza tupu ujue ndani imekufa. Angalia mafuta kwenye sili. Linganisha ya kulia na ya kushoto. Nimeona mtu ametoa mshahara wa miezi akachukua nne ambazo mbili hazifanyi kazi.

Kama hela ni ndogo kweli, na najua kwa wengi ni ndogo, msikate kitu. Badilisha bushi za lowa-amu zilizochoka, boljointi, mauntingi za juu za stratu, weka shokapu mpya za kawaida zenye ubora, nunua tairi nzuri nne zinazofanana. Halafu nenda kwenye alaimenti, wanakopima na kunyoosha tairi, ukiwa na namba zako, usimwachie fundi aweke za mtaani. Bolti za kemba, yaani za kulaza kichwa cha tairi ndani au nje, ni za bei ndogo na zinakupa kama digrii moja na nusu, mimi napenda tairi za mbele ziingie ndani digrii 2 na nusu kwa mashindano, too, yaani uelekeo wa pua za tairi ukizitazama kutoka juu, mbele iwe imefunguka nje milimita 1 au 2 ili pua iwe nyepesi kuingia, nyuma sifuri. Chukua chaki, paka kwenye ukingo wa tairi kuanzia inapokanyaga mpaka ubavuni, kimbia, rudi uone chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika mpaka ubavuni tairi inalala, ongeza upepo au kemba. Ikibaki chaki mpaka kwenye meno umezidisha. Kipande kimoja cha chaki kimenifundisha mengi kuliko video zote nilizoangalia.

Gari ya namna hiyo, yenye springi zake za kiwandani na bushi mpya, niliwahi kuikimbiza Tigoni mwaka uliofuata baada ya ile ajali. Ilikuwa inalala sana, watu wakaiona mbaya, lakini ilinirudisha salama kila mzunguko na ilikuwa na kasi kuliko ile ya mwaka wa nyuma, na kona ile yenye tuta niliipita nimekanyaga mafuta.

Ndugu Mhariri, ombi langu ni dogo. Toeni marekebisho kwenye ukurasa huo huo wa magari, kwa herufi za ukubwa ule ule, kwamba springi isikatwe. Kuna kijana mahali fulani amelikata gazeti lenu na kulibandika ukutani gerejini, namjua huyo kijana kwasababu mimi nilikuwa yeye, na msimu wa mashindano ukifungua atakuwa kwenye ile kona. Na kama mwandishi wenu atapenda kuona tofauti kwa macho yake aje Arusha, nina springi zangu za zamani zilizokatwa bado zipo kwenye shelfu, tutazifunga upande mmoja na nzima upande mwingine, tupandishe jeki chini ya gurudumu, apime kwa rula yeye mwenyewe.

Wenu,
Dereva na fundi wa Vitz,
Sakina, Arusha