Barua kwa mwanangu: Mungu yumo katika siku hiyo hiyo iliyojaa

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Unasema tangu uanze kazi na kupata mtoto, sala imekukimbia. Zamani uliweza kukaa saa nzima kanisani mbele ya Ekaristi, mkate uliowekwa wakfu; sasa ukipiga magoti usiku, usingizi unakuchukua kabla Baba Yetu haijaisha. Unahisi Mungu amekuwa mbali, na unaniuliza uanze novena gani, yaani sala ipi ya siku tisa.

Kwa sasa usianze yoyote. Ninavyokuona, unataka Mungu akurudishie maisha yale ya zamani, ulipokuwa huna mtoto wala mkuu wa kazi, ndipo muanze kuelewana naye tena. Hayarudi, binti yangu. Yeye yuko katika haya ya sasa.

Hilo sikulitunga mimi. Mtakatifu Fransisko wa Sale, askofu wa Geneva, aliwaandikia walei, waumini wasio mapadre wala watawa, wenye nyumba na shughuli zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1609. Anauliza: inafaa kweli askofu aishi upwekeni kama watawa Wakartusi? Wenye ndoa wakatae kuweka akiba kama watawa Wakapuchini? Fundi ashinde kanisani kutwa nzima kama mtawa? Uchaji wa namna hiyo anauona kichekesho. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake juu ya Kanisa ya tarehe 21 Novemba 1964, ulitenga sura nzima kusema kwamba wito wa utakatifu ni wa wote, kila mtu katika hali yake ya maisha. Basi hali yako ni hiyo ya kuamka usiku kumbembeleza mtoto na asubuhi kuwahi kazini. Humo ndimo unamoitwa.

Ila nikutahadharishe. Siku hizi nawasikia watu wakisema, "Kazi yangu ndiyo sala yangu." Kauli hiyo naiogopa. Wengi ninaowasikia wakiisema ni wale ambao hawasali tena. Soma sura ya kwanza ya Injili ya Marko. Jioni mji wote umekusanyika mlangoni, Yesu anaponya wagonjwa. Alfajiri na mapema sana anaondoka kwenda mahali pasipo watu, akasali huko. Kama yeye alihitaji saa hiyo, sisi ni nani? Lakini endelea kusoma, maana watu wanapita haraka mstari unaofuata: Simoni na wenzake wanamfuata hadi huko na kumwambia, watu wote wanakutafuta. Sala yake imekatizwa. Hawagombezi. Anawaambia twendeni vijiji vya jirani, anaanza kazi. Mtoto wako akilia katikati ya sala, kumbuka hapo.

Kwa hiyo weka vituo vichache usivyovihamisha. Asubuhi, kabla mkono haujashika simu, fanya ishara ya msalaba na umkabidhi Mungu siku hiyo kwa maneno yako mwenyewe, hata sentensi moja. Saa sita mchana sali Malaika wa Bwana, ile sala fupi ya kukumbuka Maria alivyopashwa habari. Haimalizi dakika tatu, na mtu aliyekaa meza ya pili hatajua unafanya nini. Fungu moja la Rozari njiani likipatikana ni vema, lisipopatikana usijitese.

Katikati ya vituo hivyo ndipo kuna siku yenyewe, na hapa nataka nikae kidogo. Paris, karne ya 17, alikuwapo bruda wa shirika la watawa Wakarmeli, jina lake Lorenzo wa Ufufuko. Alikuwa askari kabla ya kuingia utawani, akapangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda hata kidogo. Akaifanya miaka mingi, na mguu ulipomsumbua wakamhamishia kwenye kushona viatu vya watawa. Alifariki 1691. Hajatangazwa mtakatifu, lakini mawaidha yake yanasomwa hadi leo. Alisema kwamba akigeuza kimanda chake kikaangoni, anakigeuza kwa ajili ya kumpenda Mungu, na kwamba katika makelele ya jikoni, watu wakimwita huku na huku, alikuwa na Mungu kwa utulivu ule ule kama amepiga magoti mbele ya Sakramenti Takatifu. Hakufika hapo kwa siku moja. Miaka ya kwanza mawazo yalimtoroka kila mara, naye akawa anayarudisha bila kujilaumu sana. Hilo la kutojilaumu sana lishike, kwa kuwa nakujua.

Na bado jiko si gumu kama watu. Uliniandikia mistari kadhaa kuhusu mwenzako wa ofisini, ukaomba radhi kwamba hayo hayahusiani na sala. Yanahusiana sana! Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Ufaransa, alikuwa na sista aliyekaa nyuma yake wakati wa tafakari ya jioni, naye alikuwa na kawaida ya kutoa kasauti fulani kasikoisha. Teresia anasimulia kwamba alitamani kugeuka amtazame, sista ajue anasumbua. Hakugeuka. Alijikaza hadi jasho likamtoka, tafakari yote ikaishia hapo. Mwishowe akabadili njia: badala ya kujitahidi kutoisikia ile sauti, akaanza kuisikiliza kwa makini kana kwamba ni muziki mzuri, akamtolea Yesu muziki huo. Ndiyo ikawa sala yake ya jioni. Huyu ndiye ambaye Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake yanafaa Kanisa zima, mwaka 1997.

Huyo huyo alisinzia wakati wa sala kwa miaka, wala hakuficha. Alijifariji kwamba wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala sawa na wakiwa macho. Mimi kama mzazi nathibitisha. Na ukitaka kuona alikotoka, mtazame mama yake, Zélie Martin: aliendesha kazi ya kutengeneza lesi, akazaa watoto tisa, akazika wanne. Yeye na mumewe Louis, fundi saa, walitangazwa watakatifu siku moja, tarehe 18 Oktoba 2015.

Usiku, kabla ya kulala, tafiti dhamiri. Wewe umezoea kuorodhesha dhambi tu. Mtakatifu Ignasi wa Loyola anaanza na shukrani, kisha anaomba mwanga, ndipo anaipitia siku saa kwa saa. Jiulize: leo Mungu alinijia wapi, nami nikampita? Mara nyingi utakuta ni kwa mtu aliyekukatiza shughuli.

Jumapili usiende Misa mikono mitupu. Padre anapotoa mkate, anautaja kuwa ni zao la ardhi na kazi ya wanadamu. Kisha anatia tone la maji katika divai, na baada ya hapo huwezi tena kulitenga tone hilo. Wakati huo, weka pale wiki yako yote: ripoti iliyokataliwa, homa ya mtoto, maneno uliyoyameza mbele ya yule mwenzako. Usipokuwa makini sehemu hiyo inapita watu wakitafuta sadaka mifukoni.

La mwisho, kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, inasema kuungama dhambi ndogo si lazima kabisa, ila inahimizwa sana. Mimi nakuhimiza pia, mara moja kwa mwezi hivi. Na ukiungama, usiseme tu "nilikosa subira," neno hilo ni pana mno. Mweleze padre ulimkaripia nani na kwa nini, kwa kifupi bila kumtaja jina. Jumamosi hii mwachie mumeo mtoto uende.

Mama yako anakusalimu sana, na mjukuu wetu tunamwombea kila siku. Utuombee na sisi.

Baba yako