Barua kwa mwanangu: hiyo pesa usiitume kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku Muheza hatujambo, presha ya mama yako imetulia tangu abadilishiwe dawa. Hofu ni kwako uliye mbali, na safari hii hofu ina sababu.

Ulipopiga simu Jumapili kusema jarida limekubali kuchapisha makala yako ya umri wa ndoa, nilishangilia mpaka jirani akatoka nje. Mtoto wa karani wa masijala ya mahakama anaandika sheria isomwe na mawakili! Ndipo ukaongeza kwamba wanataka dola 250 kabla ya Ijumaa, na kwamba jibu lao lilikuja siku nne baada ya kutuma. Usiku ule sikulala. Siku nne, mama?

Nimefanya kazi masijala miaka 31. Shauri linalokwisha kwa siku nne ni lile ambalo upande wa pili haukuitwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza kwamba mhariri wa jarida la kweli huondoa jina lako, akaipeleka makala kwa wasomaji wawili wanaoijua fani, nao hukaa nayo miezi kabla ya kurudisha maswali. Maswali yako yako wapi? Umenisomea barua yao: makala bora, hakuna cha kubadilisha. Hiyo ni hukumu ya upande mmoja, hata kama umeshinda.

Nakala uliyonitumia kwa basi nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Tazama tanbihi ya 14. Rufaa ya Serikali katika shauri la Rebeca Gyumi, aliyepinga mahakamani vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, umeiandika Rufaa ya Madai Na. 204 ya 2016. Ni ya 2017. Mwaka 2016 ndio Mahakama Kuu ilipotoa hukumu yake. Mahakama ya Rufani ilitoa ya kwake Oktoba 2019. Mpwa wako alinifungulia TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama zetu, kwenye simu, hukumu nzima ipo pale bure, nikaiona namba kwa macho yangu. Mimi niliyeishia kidato cha nne nimeliona kosa, hao wasomaji wawili wasilione? Au hawapo?

Na wewe, kwa nini hukuifungua hukumu? Umenakili kwenye makala ya mtu. Nilikuonyesha ukiwa darasa la tano jinsi namba moja ikikosewa jalada linavyopotea kabatini, na mtu anarudishwa rumande kungoja litafutwe. Usinifanyie hivyo tena.

Sisemi kila jarida linalotoza pesa ni la wezi. Mhadhiri mstaafu tunayesali naye amenieleza kuna ya heshima yanayotoza ili msomaji asome bure, ila bei yao imeandikwa tangu mwanzo, haiji nyuma ya pongezi. Akasema pia makala ikishachapishwa kwa wezi, jarida lingine haliichukui tena, na wapo wanaodai pesa nyingine ukitaka kuitoa. Chukua majina ya wahariri waliyoyaorodhesha, waandikie wawili watatu kwenye vyuo vyao, uwaulize kama kweli wamo. Barua tatu tu. Halafu fikiria Eastern Africa Law Review, jarida la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, ipo tangu 1968. Ukipeleka huko, usipeleke na kwingine kwa wakati mmoja, ngoja jibu. Najua wenzako wamepanda cheo na wewe unahesabiwa makala. Ngoja hivyo hivyo.

Kwa sababu makala ni nzuri, mwanangu. Hilo nilipaswa kulisema juu kabisa. Pale unapoeleza Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13 kinachompa mvulana miaka 18 na msichana 15, kisha cha 17 kinachomtaka msichana ambaye hajafika 18 apate ridhaa ya baba, nilisoma polepole sana. Katika ukurasa wa tisa umeandika ridhaa ya mzazi mara kumi na moja. Nimehesabu. Ndoa ya dada yako ilikuwa na sahihi moja ya mzazi, na kalamu ilikuwa ya ofisini. Yeye hajaisoma makala. Mama yako anasema tumpe, mimi nimesema isubiri itoke. Ikitoka, nataka itoke mahali ambapo jaji anaweza kuikuta, na mtu wa kuipinga ameshaipinga ikasimama.

Pesa ipo, usidhani nakunyima. Dalali ameyanunua machungwa yakiwa mtini, kwa bei ya kutuumiza, lakini amelipa yote. Nimetenga ya bati za jikoni, maana upande wa kisima mvua inaingia mpaka kwenye mafiga na mama yako anapikia nje. Fundi anakuja Jumamosi. Jarida la kweli likikutoza kwa haki nitakupa, bati zitasubiri msimu mwingine. Kwa hawa, hapana.

Mbuzi mwekundu kazaa mapacha, mmoja dhaifu, tunamnyonyesha kwa chupa. Shangazi yako anauliza kama khanga zilifika. Mjibu, atanisumbua mimi.

Nipigie Alhamisi jioni, asubuhi nakuwa shambani. Rekebisha tanbihi ya 14 leo, kisha zifungue zote zilizobaki, moja moja. Na hiyo pesa usiitume.

Baba yako