Baridi ya Lushoto haiui wadudu, mwanangu

Makorora, Tanga
Julai

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Kusi inavuma, mvua za mchoo zimetupitia juzi, na baba yako anashinda na sweta ndani ya nyumba kwa baridi ambayo nyinyi wa huko milimani mngeiita joto. Picha zako zimefika kwa simu ya shangazi yako. Nimeziangalia zote, nyingine mara mbili. Kitalu nyumba chako kimekaa vizuri: mirunda imesimama wima, nailoni imekaza, na kamba za kupandishia nyanya zimefungwa na mtu mwenye subira, ambaye najua si wewe. Mshukuru mke wako kwa niaba yangu.

Sasa tuseme la maana. Umeandika kwamba baridi ikizidi wadudu watakufa wenyewe, na kwamba umefunga kila upande ili mimea isipigwe na baridi. Hayo ni mambo mawili, na yote mawili yatakutia hasara.

Hilo la kwanza umelisoma kwa watu wa Ulaya, nimelitambua. Wao wana haki ya kulisema, kwao kuna barafu. Mkulima wa Uingereza au Uholanzi akishavuna nyanya zake za mwisho hung'oa kila kitu, huosha vioo, na wengine usiku wa barafu huacha mlango wazi makusudi ili baridi iingie. Na hata huko hawafi wote. Utitiri mwekundu, siku zinapoanza kuwa fupi, majike yake hugeuka rangi ya machungwa, huacha kula, hujipenyeza kwenye nyufa za mbao na viungo vya vyuma kungoja joto lirudi. Vidukari wa nje hutaga mayai yanayovumilia barafu. Walio ndani ya kitalu chenye joto hawajisumbui na mayai, huendelea kuzaa majira yote ya baridi, tena jike peke yake bila dume. Kwa hiyo anayepasha moto kitalu chake Desemba huwapashia na wao.

Wewe huna barafu. Alfajiri ya Julai hapo Lushoto joto hushuka hadi karibu na nyuzi 10, kisha ukungu ukiondoka na jua likipiga nailoni, ndani huwa joto la kumvua mtu koti. Baridi ya namna hiyo haimuui mdudu, inamchelewesha tu. Mchukue kantangaze, huyo anayechora michirizi kwenye majani na kutoboa nyanya karibu na kikonyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, aliingia Hispania mwaka 2006, na Tanzania akaonekana 2014. Joto likiwa nyuzi 27 hutoka yai akawa nondo kwa muda wa siku 24 hivi. Likiwa nyuzi 14 safari hiyo hiyo humchukua kama siku 76. Maana yake, muda anaolea kizazi kimoja kwenye kipupwe, kwenye kiangazi angelea vitatu, na jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260. Piga hesabu mwenyewe, ulisomeshwa.

Hii ndiyo miezi ya kumtangulia. Kila asubuhi ingia na mfuko wa nailoni, chuma kila jani lenye michirizi na kila nyanya yenye tundu, funga mfuko uuache juani siku kadhaa mpaka vilivyomo viive. Usitupe kwenye shimo la mboji, watatokea huko na kurudi ndani kwa miguu yao. Januari kazi hii hukushinda kwa sababu wao wana mbio kuliko mikono yako. Sasa hivi mikono yako ina mbio kuliko wao.

La pili, kufunga. Hapa nitakaa kidogo, maana picha ile ya nailoni inayotiririka maji kwa ndani imenikosesha raha. Huo si umande wa baraka. Mimea hupumua maji usiku kucha, maji yanagonga nailoni ya baridi, yanadondoka kwenye majani, na majani yakikaa yamelowa saa nyingi katika baridi ya nyuzi 10 hadi 20 umeshaukaribisha bakajani chelewa. Huo ugonjwa hauna adabu: leo doa la kijani iliyokolea mithili ya jani lililomwagiwa maji moto, baada ya siku chache mstari mzima umeungua. Mwenzake ni ukungu wa kijivu, ule wenye manyoya, unaoanzia kwenye ua lililonyauka au kwenye jeraha la kupogolea. Nilipokuwa bibi shamba wa huko juu nimeona watu wakipiga dawa ya wadudu juu ya ukungu wiki nzima, kisha wakilaumu dukani.

Fanya hivi. Jua likishapiga, saa tatu au saa nne asubuhi, kunja nailoni za pembeni pande zote mbili, ubakize neti. Acha hewa ipite mpaka alasiri, saa kumi, ndipo uteremshe, joto la mchana libaki ndani. Siku ya ukungu mzito bado fungua, hata kwa saa chache, usingoje jua. Maji mwagilia asubuhi tu, chini kwenye shina, mipira yako ya matone inatosha. Ondoa majani yote yaliyo chini ya kichane cha kwanza cha nyanya, na uyakate siku kavu ili jeraha lifunge upesi. Na hiyo mistari yako, baba, ni mingi mno. Nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche si ya mapambo.

Ukiona dalili za bakajani kwa jirani yeyote, wahi na mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu, na chokaa kabla halijafika kwako, kwa kuwa dawa hiyo hukinga, haiponyi. Gramu 100 za mrututu, gramu 100 za chokaa, lita 10 za maji. Kila kimoja kiyeyushe peke yake kwenye ndoo ya plastiki, wala usitumie ya bati, mrututu huila. Kisha mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Chovya msumari safi: ukitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa. Ni dawa ya Wafaransa wa mashamba ya mizabibu ya Bordeaux, tangu miaka ya 1880, na mpaka leo sijaona ya bei hiyo iliyoishinda. Nyanya zikiivia humo zioshe vizuri kabla wajukuu zangu hawajazitia mdomoni.

Nzi weupe. Umeniuliza kuhusu wale nyigu wadogo wanaouzwa Ulaya. Habari yao ni ya kweli na inanifurahisha kila nikiisimulia. Mwaka 1926 mkulima mmoja wa Uingereza aliona kwenye majani ya nyanya kwamba katikati ya magamba meupe ya watoto wa nzi kuna mengine meusi. Akawaonyesha wataalamu wa kituo cha utafiti cha Cheshunt, kaskazini mwa London. Kumbe ni nyigu asiyefika milimita moja, anayetaga ndani ya mtoto wa nzi mweupe, naye mtoto huyo akageuka mweusi na kutoa nyigu badala ya nzi. Kituo kikawafuga na kuwagawia wakulima miaka ya 1930. Baadaye zikaja dawa za viwandani, nyigu wakasahauliwa, mpaka nzi walipozizoea dawa ndipo wakakumbukwa tena. Lakini nyigu huyu anataka joto la nyuzi 18 kwenda juu. Chini ya hapo hujikunyata asifanye kazi. Kwa Julai ya Lushoto ungekuwa umenunua wageni wa kulala.

Wewe kata dumu la njano la mafuta ya kupikia, lipake grisi, litundike usawa wa vilele vya mimea. Nzi weupe hupenda njano, watanasa. Hawatakwisha, ila utajua wanaongezeka au wanapungua, na hilo ndilo mkulima mwingi hajui anapokimbilia bomba. Mlango nao uwe na pazia mbili za neti, mtu afunge ya kwanza ndipo afungue ya pili. Najua watoto hawatafanya. Basi watoto wasiingie.

Vidukari utawatambua kwa sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina kwa foleni, juu kuna vidukari, kwa kuwa wanawakamua ule utomvu mtamu na kuwalinda wasiliwe. Zuia sisimizi kwanza: paka grisi chini ya kamba na nguzo. Halafu sabuni ya maji isiyo kali, kijiko cha chai kwa lita moja, puliza upande wa chini wa jani mpaka lilowe. Sabuni humuua yule iliyemgusa tu, kwa hiyo ukipuliza juu juu umeogesha mimea. Usitumie sabuni ya unga, itaunguza majani. Na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, pamoja na watoto wao weusi wenye umbo baya, usiwaue. Hao wanakula vidukari bila kukudai.

Konokono na sota ni wa usiku, watafute na tochi. Weka kipande cha ubao chini, asubuhi kigeuze, konokono utawakuta wamelala hapo. Wazungu huwawekea bia kwenye kikopo. Sisi ubao unatosha. Sota ndiye anayekata miche mashina usawa wa ardhi. Fukua palepale penye mche uliokatwa, utamkuta amejikunja karibu.

Maua yanayodondoka hayana mdudu, usipulize chochote. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 nyanya hushindwa kushika matunda, na katika unyevu wako huo chavua inagandamana haitoki. Ukishafungua pembeni, adhuhuri pita ukizitikisa kamba taratibu, humo ndani hakuna upepo wala nyuki wa kukufanyia. Tena nikuulize: kwa nini nyanya peke yake mwezi huu? Spinachi, figiri, sukumawiki na karoti zinaipenda baridi hiyo, na hazihitaji hata nailoni. Majirani zako wanalisha Dar es Salaam kabichi miaka yote hii kwa sababu mlima wenyewe unawasaidia. Kitalu kiwe cha miche na hoho na nyanya chache za nyumbani.

Nimekupakia mbegu za muarobaini, nimezikausha kivulini. Mti huo ni wa joto, huko juu hauwezi kukustawia. Zimenye ganda, twanga, gramu 50 kwa lita moja ya maji, funga kwenye kitambaa uloweke usiku kucha. Chuja, tia sabuni kidogo, puliza jioni kwa sababu jua huiua nguvu yake. Usitegemee kuona maiti kesho yake. Mdudu hupoteza hamu ya kula, na mtoto wake hushindwa kujivua gamba ili akue. Rudia baada ya wiki. Hii itakufaa zaidi ya ule mchanganyiko wa dawa tatu kwenye bomba moja ambao umeambiwa kijiweni. Dawa tatu pamoja si nguvu mara tatu, na hakuna aliyepima siku za kungoja kabla ya kula.

Halafu Januari, jua likiwa kali, kitoe kitalu mazao yote. Ng'oa mpaka magugu ya kando, maana nzi weupe hujificha humo. Lowesha udongo, utandaze nailoni inayopitisha mwanga, zika kingo zake, ufunge na kitalu chenyewe wiki nne hadi sita. Nzi asiye na jani hafiki mbali, na joto la chini ya ile nailoni hupunguza minyoo fundo ya mizizini, sota na mbegu za magugu. Kule Ulaya hutumia barafu kwa kazi hii, wewe utatumia jua. Najua utaniambia mwezi mzima bila mauzo. Niambie tu, kisha ufanye.

Picha ya mwisho sikuielewa. Hizo alama za fedha kwenye jani la hoho zaweza kuwa vithiripi, lakini umepiga upande wa juu na kidole chako kimeziba nusu. Piga tena upande wa chini, mchana, na utikise ua juu ya karatasi nyeupe uone kama kuna vijidudu vyembamba vinavyokimbia. Mfuko wa mbegu utaufuata stendi ya Lushoto Jumamosi, una kamba ya bluu. Usiuweke karibu na unga, una harufu. Gunia la ndani nirudishie na karoti, na kama plamu zimebaki usinisahau.

Wasalaam,
Mama yako