Niazime macho yako, Kulwa

Kirumba, Mwanza

Kwako ndugu yangu Kulwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto huko Dar es Salaam. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu na anauliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukuhukumu, ni lini utakuja kula sato nyumbani badala ya kutuma salamu kwa simu. Doto nilikutana naye Buzuruga akiwa amenawiri kwelikweli, nikamwambia akugawie na wewe kidogo. Nimekaa kimya mno tangu ulipohama, na kimya hicho nakivunja leo kwa sababu nina shida; nadhani utanisamehe, maana hata wewe mara ya mwisho kuniandikia ulikuwa unatafuta nywila ya ruta.

Shida yenyewe ni agizo. Uongozi umetaka kwamba kufikia mwisho wa robo hii ya mwaka mashine pepe zote za kiwanda, yaani kompyuta zinazoigizwa kwa programu ndani ya seva halisi, ziwe zinasimamiwa kwa msimbo: zisiundwe tena kwa kubonyeza vitufe kwenye kivinjari, bali ziandikwe kwenye faili, faili zitunzwe kwenye Git inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko, kisha Terraform izijenge na Ansible iweke programu na mipangilio ndani yake. Silipingi agizo, kwa kuwa nimelidai mwenyewe tangu ulipokuwa bado unakaa meza ya dirishani. Ninachopinga ni neno moja tu ndani yake, nalo ni "zote", ambalo limetamkwa kana kwamba tunaanza na chumba kitupu.

Chumba chenyewe unakijua. Zipo mashine alizoziinua Mzee Lubinza kabla hajastaafu, zikiwa na CentOS 7, mfumo uliokoma kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024, na hakuna karatasi hata moja inayoeleza alichoweka humo. Ipo mashine ya mizani, inayopokea uzito wa samaki alfajiri, ambayo ikisimama wavuvi huanza kupiga kelele getini kabla simu yangu haijaita. Ipo ya mishahara. Ipo na ile inayoitwa "jaribio", ambayo mimi na wewe tunafahamu kwamba iliacha kuwa jaribio zamani, na sasa ndiyo inayobeba DNS ya ofisi nzima, yaani kitabu cha kugeuza majina ya mtandao kuwa anwani.

Wataalamu wa Marekani wana msemo wao kwamba seva zisitunzwe kama mnyama kipenzi mwenye jina, bali kama ng'ombe, ambaye mmoja akiugua anaondolewa na kuwekwa mwingine. Aliyebuni msemo huo hakufika Magu. Babu yangu alimjua kila ng'ombe kwa rangi yake, kwa mama yake na kwa mahari iliyomleta zizini, na seva zetu tumezirithi kwa namna hiyohiyo.

Kuhama kutoka VMware, iliyokuwa ikiendesha mashine zetu pepe, tulikwisha kumaliza. Broadcom ilikamilisha kuinunua kampuni hiyo Novemba 2023, na mwezi uliofuata leseni za kudumu zikaacha kuuzwa. Mhasibu akapiga hesabu mara moja tu na uamuzi ukapita. Leo kazi hiyo inafanywa na Proxmox, kwenye seva tatu zilizounganishwa katika kundi moja, yaani klasta, hapa Mwanza, na ya nne iko peke yake Sengerema. Hiyo ya nne nimekataa kuiingiza kwenye klasta, kwa sababu seva za klasta huwasiliana bila kupumzika ili zijue ipi iko hai, na mawasiliano hayo hayavumilii mtandao unaosuasua. Mkuu hanielewi. Isitoshe, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, nimenyang'anywa kisingizio cha foleni ya kivuko, na kila hitilafu ya Sengerema jibu lake ni kwamba niende tu, nitarudi kabla ya chakula cha mchana.

Kinachonisumbua hasa ni kuziingiza mashine zilizopo. Tangu toleo la 1.5 la Juni 2023, Terraform inakuruhusu uandike ndani ya faili kwamba mashine fulani ambayo tayari inafanya kazi iingie katika usimamizi wake, na inaweza hata kukuandikia rasimu ya msimbo wake. Hapo moyo unatulia. Kisha unaomba ikuonyeshe mpango kabla ya utekelezaji, na unakuta kwamba kwa tofauti ndogo baina ya faili na mashine yenyewe, pengine hifadhi ya diski, pengine kiolezo ambacho mashine ilinakiliwa kutoka kwacho, inapendekeza kuibomoa na kuijenga upya, kwa kuwa zipo sifa ambazo haiwezi kuzibadilisha juu ya mashine iliyokwisha kuundwa. Na mpango huo huandikwa kwa upole wa ajabu: itaongezwa moja, itaondolewa moja. Hesabu inaonekana kulingana. Mtu mwenye haraka anaandika "yes", na mishahara ya watu imekwenda na maji.

Najua utaniambia habari ya prevent_destroy, sharti la kuzuia mashine isibomolewe. Nimeiweka kila mahali, na ni kweli kwamba Terraform hukataa mpango wowote wa kubomoa mashine yenye sharti hilo. Lakini sharti lenyewe limo ndani ya kipande cha msimbo kinachoielezea mashine, kwa hiyo anayefuta kipande kizima amefuta na mlinzi wake, na mpango unaofuata utaibomoa bila pingamizi. Zaidi ya hayo, kiunganishi kati ya Terraform na Proxmox hakitengenezwi na kampuni ya Proxmox bali na watu wa kujitolea, wanaofanya kazi nzuri, ila hupaswi kupanda toleo jipya bila kusoma kilichobadilika.

Ndiyo maana nasema "zote" ni kosa. Mashine za CentOS 7 sioni sababu ya kuziingiza kwenye msimbo, kwani tutakuwa tumeandika kwa hati nzuri kitu kinachopaswa kuzikwa. Rai yangu ni kutengeneza kiolezo kimoja cha mfumo wa Debian chenye cloud-init, inayoipa mashine mipangilio yake inapowaka mara ya kwanza, tujenge mashine mpya kutoka humo kwa msimbo, tuhamishe data, tuziache za zamani zimezimwa kwa muda, ndipo tuzifute. Ya mizani iguswe mwisho kabisa, tena wakati samaki ni haba. Kazi hiyo haiishi kwa robo moja ya mwaka, na hapo ndipo mimi na mkuu tunapotazamana bila kusema neno.

Lipo na suala la faili la hali, ambalo Terraform hulitumia kukumbuka inasimamia nini. Faili hilo huhifadhi hata nywila zikiwa wazi, na lisipofungwa wakati wa kazi, watu wawili wanaweza kuliandika kwa pamoja na kulivuruga. Yule kijana wa Igoma anataka tuliweke kwenye hifadhi ya mtandaoni nje ya nchi. Siku mkongo wa intaneti ukikatika, na hukatika, tutakuwa na seva zote hapa mbele yetu na hatuna kumbukumbu ya kuzisimamia. Kuliweka kwenye mashine pepe ndani ya klasta nako ni kichekesho, maana siku klasta ikilala, kitu cha kuiinulia kitakuwa kimelala ndani yake. Mimi naelekea kwenye kompyuta ndogo ya pembeni yenye hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo Terraform inaweza kuitumia na kuifunga vizuri, pamoja na nakala zilizosimbwa zinazotumwa nje ya Mwanza kila usiku. Kwa sababu ya nywila hizo nimeanza pia kuitazama OpenTofu, iliyotokana na Terraform baada ya HashiCorp kubadilisha leseni Agosti 2023, kwa kuwa tangu toleo lake la 1.7 inaweza kulisimba faili lenyewe la hali.

Ansible hainisumbui. Inaingia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, haihitaji programu ya ziada ndani ya mashine zaidi ya Python, na maagizo yakiandikwa vizuri unaweza kuyarudia utakavyo, nayo itagusa tu kile kilichopotoka. Wanaonisumbua ni watu. Umeme ukirudi usiku na huduma moja ikikataa kuamka, wa zamu huingia kwa mkono, hurekebisha "kidogo tu", hamwambii mtu, na asubuhi msimbo na mashine vinasema mambo mawili tofauti. Sitaki kumnyima ruhusa, kwa sababu wavuvi hawawezi kungoja hadi nipitie mabadiliko kwenye Git nikiwa usingizini. Ninachotaka ni kwamba kila asubuhi Ansible ipite katika hali ya ukaguzi bila kubadilisha kitu, ituonyeshe tofauti, naye aeleze alichofanya.

Sasa ombi langu. Nitakutumia msimbo wote, nikiwa nimeondoa nywila, pamoja na mpango ambao Terraform imeutoa kwa mashine ya mishahara. Usome kama adui. Kisha uniandikie maoni ya kurasa mbili ambayo nitaweza kuyaweka mbele ya mkuu, maana nabii hakubaliki kwao, na wewe tangu upande basi la Dar umekuwa mtaalamu wa nje.

Huko kwenu mliziingiza mashine za zamani au mlizijenga upya? Faili la hali mmeliweka wapi, na nani anaruhusiwa kuligusa? Mlihamia OpenTofu, au mmebaki mlipokuwa? Je, wapo watu wa zamu wanaoingia kwa mkono, na mliwafanyaje bila ugomvi? Mzee Lubinza bado anapokea simu yako, kwa sababu yangu hapokei, na ninahitaji kujua ni kitu gani hukimbia saa tisa usiku kwenye mashine ya mishahara? Na ruta ile, nywila uliipata?

Kikao ni Jumatatu ya wiki ijayo. Mpango nautuma leo usiku.

Wako,
Mabula